Nilivyopimwa kwa kelele: uzoefu wangu na fundi mmoja wa Mtwara

Nilisema nisubiri hasira ipoe ndipo niandike. Haijapoa, naandika nayo hivyo hivyo.

Ni fundi wa nguo za kike hapa Mtwara mjini, karibu na soko. Jina simtaji. Nilielekezwa na shoga yangu msimu wa korosho ulipokuwa umechanganya, zile wiki ambazo hela iko mikononi mwa watu na kila Jumamosi kuna ndoa. Yetu ilikuwa ya mtoto wa dada yangu. Mimi ndiye mama mdogo, na safari hii nilikataa kwenda na dera. Sina ugomvi na dera, kwa joto la huku linaokoa. Lakini sisi wanawake wenye miili tumezoeshwa kwamba dera ndiyo nguo yetu, tukiwa jikoni dera, tukienda shughulini dera lenye nakshi. Nilitaka gauni lenye kiuno, kwa sababu kiuno ninacho.

Nikafika na pisi yangu ya kitenge, yadi sita, samawati yenye maua ya rangi ya chungwa. Ndani kulikuwa na kijana wa kuandika daftari, wanawake wawili kwenye benchi, na mwanamume aliyeleta suruali ikatwe pindo. Mwanamume huyo namfahamu. Mtoto wake namfundisha darasa la nne.

Pazia hakuna. Fundi akanizungushia futi kamba pale pale katikati ya duka, akaanza kumwitia kijana namba kama kondakta anayeita abiria wa Lindi. "Kifua hamsini! Kiuno arobaini na sita, andika vizuri hapo!" Alipofika kwenye nyonga akavuta ncha ya futi, akacheka. "Hipsi hamsini na nne! Mama, ukiongeza kidogo itabidi nitafute futi nyingine."

Benchi likaangua kicheko. Yule mzazi hakucheka, aliinamisha macho chini. Kule kuinamisha macho kuliniuma kuliko kicheko chenyewe.

Futi kamba ya fundi ina inchi 60. Zilikuwa zimebaki sita. Na hizo namba nimeziandika hapa mwenyewe, kwa mkono wangu, wala hazinitishi. Mwili wangu ni wangu, umezaa watoto watatu na umesimama darasani miaka kumi na tano. Mtu kuutangazia watu asiowajua ni jambo jingine kabisa.

Akamalizia: "Kitambaa hiki hakikutoshi, kaongeze yadi mbili. Na bei ya kushona nayo inapanda, mwili huu si wa kawaida." Nikaenda. Muuza vitenge kwa bahati akanikatia yadi mbili za maua yale yale. Nikalipa na nyongeza. Hata sasa sijui kwa nini sikuchukua kitambaa changu nikaondoka. Nadhani nilikuwa bado naona aibu, na mtu mwenye aibu habishani.

Jumatatu nikaingia darasani. Kazi yetu walimu ni ya kugeuka, ukiandika ubaoni darasa zima liko mgongoni kwako. Siku zote nimewageuzia watoto mgongo bila kuufikiria. Wiki ile niliandika nimesimama ubavu, bega limeegemea ukuta, mwandiko unapanda mlima. Mtoto mmoja akauliza, "Mwalimu, unaumwa mgongo?" Nikamjibu ndiyo. Nilimdanganya mtoto kwa ajili ya fundi.

Sasa nimpe haki yake, maana anayo. Gauni lilitoka zuri, zuri kweli. Mikato ya kifuani imeanzia kwapani ikashuka hadi kiunoni bila kuvunja ua hata moja. Kwenye mshono wa ndani ameacha nafasi ya kuachia siku nikiongezeka. Bitana ni ya pamba, si ile inayonata mgongoni ukishatoka jasho. Na mkono! Mafundi wengi hukata mkono wa mtu mnene kama bomba, ukiinua juu gauni zima linapanda nawe. Huyu alinipa nafasi. Nilijaribu nyumbani mbele ya kioo, nikainua mkono kama naandika ubaoni, gauni likatulia. Kule harusini watu watano waliniuliza nimeshona kwa nani, na nikawaelekeza. Nilicheza hadi usiku wa manane, na picha zote nimekaa mbele.

Kwa furaha ile nikasema nimsamehe. Baada ya siku kadhaa nikarudi na kitambaa kingine, na shukrani mdomoni. Nikamwomba na vipande vilivyobaki vya kile cha kwanza, nipate kilemba. Akanijibu bila kuinua macho: "Hakuna kilichobaki, mama. Mwili wote ule?"

Alikuwa amekalia mto. Mto wa samawati, maua ya chungwa.

Basi nifanye hesabu hapa. Gauni langu limenyooka, si la solo, lile linalomwagika chini. Urefu wake ni inchi 56, mbele na nyuma ni 112, weka na pindo 118, hazifiki yadi tatu na nusu. Kitenge kina upana wa inchi 45 hivi. Nusu ya nyonga zangu ni 27, ongeza nafasi na mishono yote haivuki 35, kwa hiyo inakaa ndani ya upana bila kuunga popote. Mikono na mkanda, mpe yadi nzima. Jumla yadi nne na nusu. Nilimpa nane. Yadi tatu na nusu za ziada mwili wangu haukuzila, fundi.

Nilipoanza kuandika nilitaka kusema nendeni, mkono wake ni mzuri, ila vipimo mpeleke mmeviandika kwenye karatasi. Nafuta. Msiende. Wale watano niliowaelekeza nimeshaanza kuwapigia.

Kitambaa cha pili nilikichukua nikapanda bajaji hadi Mikindani, kwa mama mmoja anayeshonea barazani. Aliniingiza ndani, akafunga mlango, akapima kimya, namba akaandika mwenyewe kwenye kiganja. Akaniuliza, "Mwanangu, unapenda kiuno kionekane?" Mkasi wake bado sijaujua. Gauni nachukua Ijumaa.