Kaunta inahesabu vizuri, programu waliyotuuzia nayo ndiyo inayofuta magunia

Nyota moja. Wenye maghala ya korosho hapa Mtwara na kule Lindi mnaotaka kufunga kaunta ya kuhesabu magunia kwenye mkanda wa kupakilia na kuisoma kwa kompyuta kupitia RS-485 (njia ya kupitisha data kwa waya mbili, A na B), msinunue. Au ngojeni, someni mpaka mwisho, maana kadiri ninavyoandika naona nyota hiyo imemwangukia asiye na kosa.

Lori linapakia magunia 375, kila moja kama kilo 80. Karani ana 375 kwenye daftari, mizani inakubaliana naye, skrini ya ofisini inasema 373. Lori la pili, pungufu mawili. La tatu, mawili. Msimu umechanganya, malori yamepanga foleni mpaka barabarani, na yakitoka 375 kwenye rundo mashine ikaandika 373, wa kwanza kutazamwa ni mpakiaji. Watu wetu walipekuliwa kama wezi.

Nikampigia muuzaji. Jibu lake lilikuwa hili: "Mashine haiibi, kaka. Kagua watu wako." Akakata simu.

Mtu anayeuza vifaa hivi alipaswa kujua kwamba upungufu usiobadilika haufanani na wizi, wala haufanani na kihisio kibovu. Jicho la kihisio likizibwa na vumbi au nyuzi za magunia, hesabu hupotea ovyo, leo saba, kesho moja. Waya za A na B zikigeuzwa, hupati jibu lolote (watengenezaji hawakubaliani ipi iitwe A, kwa hiyo kaunta ikiwa bubu anza kwa kuzibadilisha). Kaunta ikiwa kwenye biti 7 na pariti (biti ya kukagua makosa), kompyuta kwenye biti 8 bila pariti, unaletewa herufi takataka. Hakuna hata moja kati ya hizo inayokula magunia mawili kamili kila lori.

Ushahidi ni rahisi kuupata. Chukua adapta ya pili ya USB kwenda RS-485, iunge sambamba kwenye waya zilezile mbili, iache isikilize tu bila kutuma chochote, halafu fungua programu ya taminali, inayoonyesha herufi zinazopita kwenye waya. Karani alipobonyeza "lori jipya" ilitokea hivi:

N3RA*
N3RA*
N3RA*
N3RA*

Mara nne, zimepishana sekunde tano tano. N inatangulia anwani, na kaunta yetu ni namba 3. R ni kurudisha sifuri, A ni hesabu ya kwanza, nyota inafunga amri. Kaunta hii hujibu amri ya kusoma, N3TA*, lakini R haiijibu. Inatekeleza na kunyamaza. Ndivyo ilivyoundwa, na kitabu chake kinasema hivyo. Aliyeandika programu hakukisoma: anatuma R, anangoja jibu sekunde 5, halioni, anatuma tena, mpaka mara tatu zaidi. Mkanda haumngoji. Gunia linapita kila baada ya sekunde 6. La sekunde ya 6 linafutwa na R ya sekunde ya 10, la sekunde ya 12 linafutwa na R ya sekunde ya 15, na la sekunde ya 18 ndilo linaandikwa kuwa la kwanza.

Amri ya kusoma irudie utakavyo, haidhuru kitu. Ya kufuta itume mara moja, kisha soma kwa T. Ukikuta 0 au 1, imefanya kazi. Ukikuta bado jumla ya lori lililopita, hapo ndipo unarudia. Bora zaidi usifute kabisa: soma namba lori linapoanza, soma linapomaliza, toa. Kaunta ya tarakimu sita ikipita 999999 inaanza tena 0, hivyo jawabu likitoka hasi ongeza 1,000,000. Na ufunge amri kwa nyota, si kwa alama ya dola. Kwa nyota kaunta inangoja angalau milisekunde 50 kabla ya kujibu. Kwa dola inangoja 2 tu, adapta ya bei ndogo inakuwa haijaachia laini baada ya kutuma, na jibu linafika limekatwa kichwa. Waya ukiwa mrefu, rezista ya omu 120 kila ncha.

Kwa hiyo kaunta nairudishia nyota nne. Tuliilinganisha na daftari gunia kwa gunia bila ile programu, haikukosa hata moja. Ningeipa tano kama skrubu za kufungia waya zisingeshika kutu upesi hivi kwa upepo wetu wa bahari.

Muuzaji nilimtumia picha ya zile N3RA* nne. Hakuomba radhi, si kwangu wala kwa wapakiaji, na hilo ndilo linaloniuma kuliko pesa. Alileta toleo jipya, akasema limerekebishwa. Nikaunga tena adapta ya kusikiliza. R bado ni nne. Alichobadilisha ni muda wa kungoja, kutoka sekunde 5 hadi 10. Sasa R ya mwisho inatoka sekunde ya 30, na pungufu la kila lori ni magunia manne, mara nyingine matano.