Miaka mitatu ya kutuma vikapu: basi, bodaboda, Posta, na nani alipe

Nauza vikapu. Vingi ni vya milulu, aina ya nyasi ndefu, vile vinavyosukwa na akina mama wa Iringa, na vichache ni vya ukili, majani ya mkindu yaliyosukwa, kutoka Pwani. Sina duka. Nina stoo ndogo nyumbani Kinondoni, simu, na ukurasa wa Instagram. Kwa hiyo kila ninachouza lazima kisafiri, na kwa miaka mitatu nimepita karibu kila njia ya kusafirisha mzigo mdogo. Wenzangu wanaoanza huniuliza nanunua wapi na kwa bei gani. Hakuna anayeniuliza nafikishaje, na pesa yangu mimi ilikuwa inavujia huko huko.

Nianze na ujinga wangu. Mwaka wa kwanza niliona kurasa kubwa zinaandika "delivari bure", nami nikaiga. Nikapandisha kikapu kutoka 35,000 hadi 40,000, nikajiambia ile 5,000 itabeba usafiri. Mwezi ule niliuza vikapu 14, nikatembea kifua mbele. Mwisho wa mwezi nikakaa na daftari. Nyongeza yote ilikuwa 70,000. Vikapu tisa vilibaki hapa hapa Dar, bodaboda kwa wastani 4,000 kila kimoja: 36,000. Vitano vilikwenda mikoani, basi kwa wastani 8,000: 40,000. Na ili kuvifikisha stendi Mbezi nilikuwa nimepanda boda mara nne, 7,000 kila mara: 28,000 ambazo sikuwa nimewahi kuziandika popote, maana nilizitoa mfukoni kama nauli yangu tu. Jumla 104,000. Nimetoa 34,000 zaidi ya nilizoingiza. Karibu kikapu kizima nimewagawia watu, na hakuna aliyesema asante kwa kuwa hakuna aliyejua.

Hasara niliimeza. Kilichonikera ni mteja wa Mwananyamala aliyeniandikia, "Dada, mimi napita mwenyewe kuchukua, utanipunguzia?" Nikamjibu bei ni moja kwa wote. Hakurudi. Na alikuwa na haki: alikuwa analipia nusu ya safari ya kikapu cha mtu wa Bukoba.

Tangu siku hizo kikapu kina bei yake na usafiri una wake. Nilidhani wateja watakimbia. Wachache walikimbia, kweli, lakini nilichojifunza ni kwamba mtu hachukii kulipa usafiri, anachukia kuambiwa mwishoni. Ukimwambia 35,000, akapenda, akachagua rangi, akamwonyesha na mume wake picha, halafu ukamletea 12,000 ya usafiri "na uweke na ya kutolea", anaona umemtega. Siku hizi swali langu la kwanza kabla ya rangi wala saizi ni "Uko wapi?" Nikishajua, nataja jumla moja, kisha naivunja: kikapu hiki, usafiri huu, boksi hili. Zile habari za "bei njoo inboksi" nimeachana nazo kabisa.

Sasa njia zenyewe, moja moja, kwa jinsi nilivyozitumia.

Bodaboda, kwa ndani ya jiji, naipa nyota nne. Haraka, na ukiwa na kijana wako mmoja unayemjua, mzigo unafika bila maelezo mengi. Nyota ya tano imeondoka Mbagala. Mteja aliagiza vikapu viwili, akasema atamlipa boda hapo hapo kila kitu. Kijana kafika, dada kavitazama, kasema rangi ya kwenye picha ilikuwa imeiva zaidi, kavirudisha. Kijana akarudi kwangu anadai nauli ya kwenda na kurudi, na alikuwa sahihi, yeye kazi yake ni kubeba. Tangu hapo nauli ya boda inalipwa kabla ya pikipiki kuwashwa, hata kama pesa ya kikapu itasubiri afike. Hilo peke yake limepunguza maagizo ya mzaha. Mtu aliyekwisha toa 5,000 yake anapokea simu.

Basi ndiyo njia yangu ya mkate wa kila siku. Kwa mtu wa Mwanza, Mbeya, Dodoma au Arusha sijaona kinachoishinda kwa bei. Unapeleka mzigo Stendi ya Magufuli, ile ya Mbezi, ofisi ya basi inaandika jina na namba za simu za pande zote mbili, unalipa, unapewa risiti, unaipiga picha na kumtumia mteja, na kesho yake yuko stendi ya kwao anachukua. Ubaya wake ni kwamba mzigo hauendi nyumbani kwa mtu, unaishia stendi, na kutoka stendi hadi kwake kuna nauli nyingine ambayo mteja haihesabu mpaka aone. Namwambia mapema. Na bei zenyewe hazina kitabu: mzigo ule ule, ofisi mbili zilizopakana, tofauti 3,000. Uliza angalau mbili, na usiende saa ya basi kuondoka, hapo hakuna anayekupa bei ya maana.

Mara moja basi limeniumiza, na sitataja lipi. Ilikuwa Aprili, mvua za masika. Nilituma vikapu vitatu magharibi mwa nchi, vikakaa kwenye ofisi ya mzigo siku nne kwa sababu namba ya mteja iliandikwa vibaya, na ofisi yenyewe inavuja. Milulu ikilowa ikafungiwa, inaota ukungu. Alivyonitumia picha nilitamani kulia. Nilimrudishia pesa yote, na ya usafiri pia, kwa kuwa mteja hapaswi kubeba kosa lililotokea mzigo ukiwa njiani. Yeye alinilipa mimi. Ofisi ya basi ilinionyesha maandishi madogo nyuma ya risiti, tukaishia hapo. Tangu siku ile, kila kikapu kinaingia kwenye mfuko wa nailoni kabla ya boksi hata kama jua linawaka, na namba ya simu naiandika kwa maka juu ya boksi na tena kwenye karatasi ndani.

Jambo lililoniokoa pesa kwenye basi ni dogo mno hata naona aibu kulisema. Nilipanga siku. Mizigo ya mikoani inatoka Jumanne na Ijumaa tu. Ile boda ya 7,000 kwenda Mbezi sasa inabeba maboksi manne au matano, naigawa, kila mteja anachangia chini ya 2,000. Wateja nilifikiri watalalamika kusubiri. Anayelalamika ni mmoja kati ya kumi, na huyo akitaka leo analipa boda yake nzima mwenyewe, tena kwa furaha.

Zanzibar ni rahisi kuliko watu wanavyofikiri. Mzigo unapanda boti asubuhi, mteja anauchukua bandarini Malindi. Nauli ni nafuu. Sina la kuongeza, ila mtu wa Unguja kumuuzia kikapu cha ukili inataka moyo, atakuonyesha pale ulipounga vibaya.

Tukifika nje ya nchi, hapo ndipo nilipolipa ada ya shule. Agizo langu la kwanza la Ulaya lilikuwa kikapu kimoja cha milulu kwenda Ujerumani. Nilikipima kwenye mzani wa jikoni: gramu 800. Nikatafuta bei ya kilo moja kwenye kampuni moja ya ndege, nikamtajia mteja, akalipa. Kufika kaunta, kijana akatoa futi: sentimita 40 kwa 40 kwa 30. Akazidisha, akagawa kwa 5,000 (si shilingi, ni namba yao ya kugeuza ukubwa wa boksi kuwa kilo), akaandika kilo 9.6. Nikamwambia, "Kaka, hiki kikapu hata kilo hakifiki." Akanijibu kwa upole kwamba ndege haiuzi uzito tu, inauza na nafasi, na kikapu changu kimejaa hewa. Nilikuwa namsafirishia mteja hewa ya Kinondoni kwa bei ya kilo kumi. Nikabeba boksi langu nikarudi nalo.

Usiku ule nikachukua futi ya fundi cherehani nikapima stoo nzima. Vikapu vitatu vinavyoingiana, kikubwa, cha kati na kidogo, vinakaa kwenye boksi lile lile la kilo 9.6. Kwa hiyo nje sasa nauza seti, na usafiri ule ule unagawanyika kwa vitatu. Mkoba wa ukili unaokunjika, nikiulaza, unakuwa 40 kwa 35 kwa 6, ambayo kwa hesabu ile ile haifiki hata kilo mbili. Ndipo nikaanza kuwatafutia wateja wa nje vitu vinavyolala.

Na kwa vinavyolala, Posta wanapata nyota nne zangu. Posta wana kundi la vifurushi vidogo ambalo watu wengi hawalijui: mwisho kilo 2, na ukijumlisha urefu, upana na kimo isizidi sentimita 90, wala upande mmoja usizidi 60. Ni vipimo vya Umoja wa Posta Duniani, kwa hiyo si vya hapa kwetu tu. Kikapu cha 40 kwa 40 kwa 30 kinafika 110, hakipiti. Mkoba uliolazwa ni 81, unapita. Mama wa kaunta ndiye aliyenifundisha, nilipokuwa nimesimama pale na boksi kubwa ninalolipenda. "Mwanangu," akasema, "boksi hilo umenunua la nini? Mfuko wa khaki unatosha." Boksi lilikuwa 2,500. Mkoba ulifika Ujerumani wiki ya tatu. Kama mteja ana haraka au mzigo una thamani, natumia EMS, huduma ya haraka ya Posta, ni ghali zaidi ila unaufuatilia vizuri.

Lakini mkoba ule ule uliniletea ugomvi. Nilikuwa nimemwandikia mteja kwamba amelipia kila kitu. Tangu Julai 2021 Umoja wa Ulaya uliondoa msamaha wa VAT, kodi ya ongezeko la thamani, kwa vifurushi vya thamani ndogo, kwa hiyo mlangoni akadaiwa kodi pamoja na ada ya kuushughulikia mzigo. Alinifokea kwa adabu ya Kijerumani, nami nilistahili. Sasa naandika wazi: usafiri nimekutajia, kodi ya nchi yako ni yako. Marekani nao, msamaha wa vifurushi vya chini ya dola 800 uliondolewa tarehe 29 Agosti 2025, na mashirika ya posta ya nchi nyingi yakasimamisha kwa muda mizigo ya kwenda huko. Nilikuwa na agizo mkononi. Nikarudisha pesa siku hiyo hiyo kuliko kumwambia mtu asubiri nisichokijua.

Kuhusu boksi, nailoni na selotepu: ziweke kwenye jumla unayomtajia mteja, usiziache zielee. Kwangu zinafika 3,000 kwa mzigo wa mkoani. Nilikuwa naziita vitu vidogo.

Hivi juzi dada mmoja wa Muscat, Oman, ameulizia lile kapu kubwa la nguo chafu lenye mfuniko, ndilo ninalolipenda kuliko yote. Nimelipima: 50 kwa 50 kwa 65. Zidisha, gawanya, unapata kilo 32.5 za kapu ambalo nalinyanyua kwa vidole viwili. Nimemuuliza kama ana ndugu anayekuja likizo Desemba.