Fomu ya VPAT: miaka mitatu naisoma, nyota 4 kati ya 5

Mimi niko Marekani, nafanya kazi kitengo cha manunuzi kwenye chuo cha umma, na kabla hatujalipia programu yoyote lazima nipitie VPAT yake, ile fomu ambayo kampuni inajaza kueleza kama asiyeona, asiyesikia au asiyeweza kushika mausi ataweza kuitumia. Watu wa nyumbani mmeniuliza sana kuhusu hii kitu.

Fomu yenyewe ni bure, inatolewa na ITI, umoja wa kampuni za teknolojia, ni faili la Word tu lenye jedwali la safu tatu, kigezo, kiwango na maelezo. Kwenye kiwango unajaza inakidhi, inakidhi kiasi, haikidhi au haihusiki. Ikishajazwa ndo inaitwa ACR, yani ripoti. Mpangilio wake naupenda sana, ukizoea moja umezoea zote, unaweka za kampuni mbili unalinganisha mstari kwa mstari.

Shida anayejaza mara nyingi ni muuzaji mwenyewe. Mwaka jana tuliletewa mfumo wa usajili wa wanafunzi, fomu imejaa inakidhi juu mpaka chini, safu ya maelezo tupu. Mwenzangu ofisini haoni, anatumia NVDA, programu inayomsomea skrini kwa sauti, akafungua ukurasa wa malipo akabonyeza Tab, sauti ikasema "kitufe". Tab tena, "kitufe". Vitufe sita vyote havina jina, hajui kipi cha kulipa kipi cha kufuta, na kwenye 4.1.2, kigezo kinachodai kila kitufe kiwe na jina linalosomeka, jamaa wameandika inakidhi! Iliniuma, manake angekuwa mwanafunzi pale ingebidi ampe mtu mwingine kadi yake ya benki amsaidie kulipa.

Kampuni nyingine ikakiri kwenye 2.1.1, kigezo cha kibodi: inakidhi kiasi, kalenda ya kuchagua tarehe haifunguki bila mausi ila unaweza kuichapa tarehe mwenyewe. Tukajaribu, kweli ikawa vilevile. Tulinunua kwao, na kwenye mkataba tukaandika kwamba lazima wairekebishe kalenda.

Alafu angalieni aina. VPAT toleo la 2.5 ziko nne: 508, EU (ya Ulaya), WCAG (mwongozo wa kimataifa ambako namba kama 4.1.2 zinatoka) na INT (inayounganisha zote tatu). Ya 508 ni ya sheria ya serikali kuu ya hapa na inaishia WCAG 2.0 ya mwaka 2008, wakati kanuni iliyotoka 2024 kwa majimbo, miji na vyuo vyao inataka WCAG 2.1 daraja AA (la kati), yani vigezo 50 badala ya 38. Vilivyoongezeka vingi vinagusa simu, mfano mtu akikuza maandishi asilazimike kuburuza skrini kulia kushoto ili amalize sentensi moja. Wauzaji bado wananitumia ya 508, nairudisha naomba INT. Wa Kenya mna kiwango chenu cha KS 2952 tangu 2022 na imetokana na kiwango cha Ulaya, kwahiyo nyie ombeni ya EU au hiyo INT.

Nyota moja nimeikata kwa sababu aliyeandika inakidhi halazimiki kueleza chochote. Ndo maana siku hizi naanzia juu kwenye sehemu ya njia za upimaji, nikikuta hawajataja programu hata moja ya kusoma skrini nawapigia simu siku hiyohiyo, naomba akaunti ya majaribio tupime wenyewe.