Mnara au hitma: kuwakumbuka waliokufa vitani, Lindi na Mtwara

Mnara humfikia hata mgeni, kama pale Naliendele, Mtwara, kwenye makaburi ya mashujaa. Lakini chumvi ya pwani haina huruma: nondo zikifunikwa kwa zege chini ya sentimita 5, kutu huvimba na kupasua nguzo. Majina yachongwe kwenye jiwe. Ya rangi hufifia. Na Majimaji ya 1905–1907 iliua maelfu wasioandikwa popote. Hao utawachonga vipi?

Hapo hitma, yaani kisomo cha Kurani nzima kwa ajili ya marehemu, ina nguvu zaidi. Juzuu 30 hugawiwa wasomaji 30, ubani ukifuka, na ndani ya saa moja hivi msahafu umekhitimishwa. Wakija 10, kila mmoja apewe tatu, na waanze mapema. Kosa kubwa ni kusahau majina: mzee wa ukoo ayataje kabla ya dua, kijana ayaandike daftarini papo hapo.