Spesa ya pampu ya pumu: nyota nne kutoka kwa baba wa Doto

Nyota nne. Ya tano nimeizuia kwa sababu ya barakoa yake, nitafika huko.

Spesa ni kopo la plastiki angavu, urefu wa shubiri hivi. Upande mmoja unachomeka mdomo wa pampu, upande mwingine una barakoa laini ya kufunika pua na mdomo. Ndani kuna vali, kijiwambo kinachofunguka mtoto akivuta hewa na kujifunga akiitoa. Haina betri wala waya. Mimi ni seremala, kitu chenye kazi moja na kinachoifanya hakinipi shida kukisifu.

Doto ana miaka minne na ana pumu. Pacha wake Kulwa hana, yeye anaruka mawe ya mtaa wetu wa Mabatini, Mwanza, tangu asubuhi hadi aitwe kula. Pampu peke yake kwa mtoto wa umri huu ni hasara tupu. Dawa inatoka kwa kasi, inapiga ulimi na koo, na huwezi kumwambia mtoto avute pumzi papo hapo unapobonyeza. Spesa inaishikilia ile dawa hewani, mtoto anapumua zake kawaida mara tano au sita, inashuka kifuani. Ni kubonyeza mara moja, anapumua, unatikisa pampu tena, ndipo unabonyeza ya pili. Ukibonyeza mfululizo dawa nyingi inaishia kwenye kuta za kopo. Na akilia, kidogo sana kinafika, kwa hiyo mbembeleze kwanza. Kwetu dawa ya kilio ni Kulwa kuwekewa barakoa yeye kwanza, bila pampu. Doto hakubali kupitwa.

Sisi tunakaa juu kabisa mlimani. Kifua kikianza kupiga filimbi saa nane usiku, zamani ilikuwa ni kushuka na mtoto mgongoni gizani hadi Barabara ya Nyerere, utafute bodaboda, ukapange foleni ya nebulaiza, ile mashine ya hospitali inayogeuza dawa kuwa mvuke. Sasa mama Kulwa anampakata, mimi nashika kopo, na safari ya kwanza tuliyoitumia usiku, robo saa haikuisha akaomba uji. Daktari ametuambia kwamba kwa shambulio dogo au la wastani, pampu yenye spesa haizidiwi na nebulaiza. Mtaani hawaamini hata kidogo. Ile mashine inanguruma na kutoa mvuke, basi inaonekana ndiyo yenye dawa.

Hilo lisikufanye ukae nyumbani na mgonjwa mahututi. Mbavu zikiingia ndani akivuta hewa, akishindwa kuongea, au midomo ikibadilika rangi, mpe dawa huku mnashuka kwenda hospitali.

Mama yangu alikuja kutoka Magu akaiona. "Mwanangu, akizoea hiyo pampu hataiacha." Nikamwambia, mama, kinachorudi ni pumu yenyewe, pampu haimng'ang'anii mtu. Hakuridhika, ila usiku ule alishika tochi.

Sasa habari ya chupa. Mfamasia aliyeniuzia ndiye aliyenieleza kuwa mwaka 1999 madaktari wa Cape Town walichapisha utafiti kwa watoto wenye pumu: chupa ya plastiki ya nusu lita, iliyotobolewa kitakoni na kuzibwa vizuri kuzunguka pampu, ilifanya kazi sawa na spesa ya dukani. Fundi ukimwambia hivyo unategemea alale? Niliitengeneza karakana, kwa waya wa moto na gundi, na imebana haswa. Tatizo haina barakoa, na Doto hawezi kubana midomo kwenye mdomo wa chupa. Watoto wa ule utafiti walikuwa wakubwa, wa kuanzia miaka mitano. Kwa mkubwa asiye na hela, muulize daktari wako kuhusu chupa. Kwa mdogo, nunua yenye barakoa.

Na barakoa ndiyo lawama yangu. Iliyokuja kwenye boksi ni pana, inaachia hewa pembeni ya pua, na hewa ikipita hapo dawa imepotea. Nimenunua ndogo peke yake kwa elfu saba. Mtengenezaji angeweka zote mbili.

Kuosha: mara moja kwa wiki, maji ya uvuguvugu na sabuni ya vyombo, iache ijikaukie. Mama Kulwa alitaka kuing'arisha kwa kitambaa kama glasi za wageni, nikamzuia. Plastiki ikisuguliwa inapata umeme tuli, dawa inanata humo humo.

Tunaitumia pia kwa pampu ya kahawia, ile ya kuzuia, asubuhi na jioni hata akiwa mzima. Baada yake anasukutua na kunawa uso, maana dawa ile ikibaki mdomoni huleta utando mweupe. Ya bluu ni ya kufungua kifua tu. Mimi nguo za vumbi la mbao siku hizi nazivulia karakana.

Duka liko Makoroboi. Walisema elfu thelathini na nane, tukaongea, nikalipa thelathini na tano. Bima yangu haikugusa hata senti. Fungua boksi pale pale kaunta uiangalie vali kama inacheza. Ya kwanza niliyopewa ilikuwa imenata, wakanibadilishia bila maneno.