Kupanda mlima kwa baiskeli: kukaa kitini au kusimama?

Kwenye mwinuko mrefu, mimi ni wa kukaa. Ukiwa kitini misuli haihangaiki kuubeba mwili, mapigo ya moyo hayapandi haraka, na tairi la nyuma hushika barabara hata penye changarawe au lami iliyolowa. Weka gia nyepesi, zungusha pedali mara 70 hadi 80 kwa dakika, legeza mabega. Hapo hata bonde lililo chini yako utalitazama kwa raha.

Kusimama kunachosha upesi, ila uzito wako wote unaikandamiza pedali. Kona ikifika mwinuko wa asilimia 15, weka kwanza gia nzito kidogo ili mguu usikanyage hewa, ndipo uinuke na kuiacha baiskeli iyumbe kushoto na kulia. Ukishaivuka, rudi kitini.