Mashine ya kukereza kalamu: kabla hujatoa hela, nenda dukani na wembe

Meseji ya dada mmoja wa Njombe ndo imenifanya niandike hii leo. Kanunua mashine ndogo ya kukereza mbao (inazungusha mbao huku we unaichonga kwa patasi), anataka aanze kutengeneza kalamu, na kila kalamu inatoka nene upande mmoja na nyembamba upande wa pili, ananiuliza kosa ni patasi au ni mkono wake. Dada, si mkono wako. Mimi yalinikuta hayohayo nikakaa karibu mwaka mzima najilaumu bure.

Yangu niliinunua Dar, ya bluu, haina jina zaidi ya stika, laki saba na nusu. Nikaipakia kwenye basi kama parseli, nikaenda kuipokea stendi ya Nane Nane saa nne usiku na baridi ile ya mwezi wa sita tunayoijua watu wa Mbeya. Kesho yake nikachukua kipande cha mti wa mkahawa alichonipa mjomba kule Mbozi, kisiki cha zamani kimekauka kabisa. Nikatoboa, nikagundisha kibomba cha shaba (ndimo wino wa kalamu unamokaa), nikafunga kwenye mashine. Maganda yanatoka membamba, marefu, nafurahi, afu ghafla nikaona kitu kinang'aa. Kuzima mashine na kuangalia, kibomba kimeshaanza kuchungulia upande mmoja na nikigeuza upande wa pili bado kuna mbao milimita nzima. Vipande kumi na moja vya mjomba viliisha hivyo na mkahawa ule siupati tena.

Watu wengi wanaotaka mashine wanauliza nguvu ya mota na urefu wa kitanda cha mashine. Kwa kalamu hayo wala yasikusumbue, kalamu yenyewe haifiki sentimita 15, mota ya nusu hosipawa inatosha na kubaki. Kitu ambacho hakuna muuzaji atakuambia, na sijaona mtu anauliza, ni kama kichwa cha mbele (kile chenye mota) na kichwa cha nyuma vinatazamana sawasawa. Basi. Ukikosa hicho umekosa kila kitu, kwa sababu mbao ya kalamu unaivalisha kwenye kinondo chembamba kinaitwa mandreli, kimeshikwa huku mbele na huku nyuma kinasukumwa na senta, kile chuma chenye ncha. Senta ya nyuma ikiwa imehama hata nusu milimita, kinondo kinapinda, mbao inazunguka inayumba, we unakereza duara ambalo si duara la kibomba. Na ukitoboa tundu kwa kutumia hiyohiyo mashine, tundu linaanza pana mdomoni na kibomba kinacheza ndani. Unaweza kuwa na mkono wa dhahabu, kalamu itatoka mbovu tu. (Hata mashine nzima ukikaza sana nati ya mandreli inapinda vilevile, kaza kwa vidole tu, spana weka mbali.)

Namna ya kupima nilifundishwa na fundi mmoja wa chuma hapa Mwanjelwa na haikugharimu hata jero. Nenda dukani na wembe. Mwambie muuzaji afungue sanduku, aweke senta zenye ncha mbele na nyuma. Sogeza kichwa cha nyuma mpaka ncha mbili zikaribie kugusana, simamisha wembe wima katikati yake, sehemu isiyo na tundu, afu zungusha gurudumu taratibu mpaka ncha ziubane. Achia mkono. Wembe ukibaki umesimama wima na umenyooka, mashine iko sawa. Ukilala kuelekea kichwa cha mbele au kichwa cha nyuma, ncha moja iko juu ya mwenzake. Ukijigeuza kama mlango unaofunguka, ncha moja imeenda pembeni. Usiishie hapo, kaza breki ya kichwa cha nyuma kwa nguvu uangalie tena, kwa sababu nyingine zinakuwa sawa ukiwa hujakaza na ukikaza tu kichwa kinahama, ya kwangu ya bluu ilikuwa hivyo. Ukikuta tofauti ni ya juu na chini tu, kidogo, inatibika, unakata kipande cha kopo la soda unaweka chini ya kichwa kilichoshuka. Ikiwa kichwa chenyewe kimekaa mshazari, achana nayo hata wakupunguzie bei.

Sasa za kununua. Ya kwanza kwangu, na sitazunguka, ni Record Power ya Uingereza, ile DML305. Kampuni ilianzia Sheffield, wenyewe wanasema ipo tangu 1909. Naipenda kwa sababu mwili wake ni chuma kizito cha kumimina, haitetemeki, na kichwa chake cha mbele hakizungushwi, kimekaa palepale. Wenzangu wanasifia mashine zenye kichwa cha kugeuza pembeni kwa ajili ya mabakuli, sawa, ila kwa kalamu kila ukikigeuza na kukirudisha unaanza upya habari ya wembe. Afu spidi zake ni tano unazibadilisha kwa kuhamisha mkanda kwa mkono. Watu wanaona ni ushamba, wanataka kitufe cha kuzungusha. Mimi nakaa mtaa ambao umeme unapanda na kushuka, bodi ya umeme ya hicho kitufe ikiungua utampelekea nani Mbeya hii? Mkanda ukikatika natafuta unaoendana nao kwa wauza spea. Na mashine ya Uingereza inakuja na volti zetu, 230, na plagi yake ya pini tatu unachomeka ukutani moja kwa moja. Yangu nilitafutiwa mtumba na mdogo wangu aliyeko kule, ikaja kwa meli, nikaipima kwa wembe palepale uani nikiwa hata chai sijanywa, na wembe ukasimama.

Ya pili Jet JWL-1221VS. Ni mashine nzuri mno, spidi kuanzia 60 mpaka 3600 kwa dakika, tundu lake ni Morse namba 2 (saizi ya tundu linaloanza pana na kuwa jembamba kuelekea ndani) ambalo mandreli nyingi zinaingia. Lakini angalia sana inatoka wapi. Ile ya soko la Marekani ni volti 115, ukiichomeka kwenye umeme wetu umeichoma, lazima transfoma ya kushusha na hiyo ni gharama nyingine na kelele nyingine. Zipo za 230 za soko la Ulaya, hizo ndo uulizie. Na ina bodi, nimeshasema kuhusu bodi.

Ya tatu ni ya kuchomelewa na mafundi wa hapahapa, hawa wanaokereza miguu ya vitanda. Kazi zao nawaheshimu, ila mashine zao nyingi shafti haina tundu la Morse kwa hiyo mandreli haina pa kuingia. Ukienda, mwelekeze fundi mapema kwamba unataka shafti yenye tundu hilo, na umwonyeshe mandreli yenyewe.

Za bluu na za kijani zisizo na jina: wembe, na usipokubaliwa kupima, ondoka.

Na hapa nina la moyoni kuhusu wauzaji. Niliporudi kwenye lile duka nikiwa na kalamu zangu kwenye mfuko kama ushahidi, yule kaka akaniangalia akasema mama mali ikitoka mlangoni ni yako, tena akaongeza kwamba wanawake wengi hawajui kuzitumia. Risiti niliyopewa siku ya kununua imeandikwa "mashine" basi, haina modeli wala namba. Warantii ya mwaka aliyoniahidi kwa mdomo haikuwepo. Muwe mnadai risiti iliyoandikwa kila kitu. Kodi ya asilimia 18 naielewa na sigombani nayo, ninachogombana nacho ni mtu kuniuzia mandreli moja, kinondo cha chuma kisichozidi kalamu mbili kwa urefu, kwa bei ya mbuzi, halafu nikiuliza naambiwa dola imepanda, na dola ikishuka bei haishuki.

Vingine haraka. Anza na seti za kalamu nyembamba ya Slimline, inataka biti ya kutobolea ya milimita 7 tu, nunua mbili zenye makali mazuri, hizo usibane hela. Wino wake ni wa aina ya Cross, agiza wa akiba kabisa kwa sababu ule wa kalamu za dukani hauingii. Patasi mbili zinatosha mwanzo, jiwe la kunolea ni muhimu kuliko patasi ya tatu. Mbao usinunue, omba. Mkahawa uliong'olewa Mbozi, mparachichi wa Rungwe, mabaki ya mpingo kwa wachonga vinyago, ila mpingo unamaliza makali na vumbi lake linawasha, vaa barakoa. Mbao ya Tukuyu ikae ndani ikauke miezi kabla hujaigusa, kule mvua haikatiki na kalamu ya mbao mbichi inapasuka ikiwa tayari iko mfukoni mwa mtu.

Kwa wale mnaoniuliza kama ile ya bluu nauza, hapana. Atakayeichukua atapata shida ileile niliyoipata. Mota yake ilikuwa nzima, nimeing'oa nimeifungia jiwe, ndo nanolea patasi mpaka leo.